Unga Mwekundu na Kopo Lenye Picha

Nyinyi wawili mnaochukua mizani yangu mmeniomba niwaandikie yale ambayo hamkufundishwa shuleni. Mmesoma kuliko mimi, mna diploma, na magonjwa mnayajua kwa majina ya Kifaransa. Hapo sina la kuongeza. Lakini kupima watoto wa kampi ya reli ni kazi ya kuwasikiliza mama zao kuliko kazi ya kuangalia mshale, na kwa kusikiliza hakuna mtu anayetoa diploma. Basi nitaandika nilivyoona tangu nilipoanza. Nikitoka njiani mtanisamehe, maana anayestaafu ana haki hiyo, na mimi nimeingoja muda mrefu.

Nilianza kazi miaka ya thelathini, nikiwa msichana. Baba yangu alikuwa mwalimu kwenye shule ya misheni ya Wamethodisti hapa Kamina, na daktari wa kampi alikuwa anatafuta mtu wa kuandika uzito wa watoto kwenye kadi. Kuandika nilijua. Watoto sikuwajua hata kidogo, mimi ni mziwanda. Siku ya kwanza nilikuja nimevaa viatu vyeupe ambavyo baba alininunulia kwa heshima ya kazi mpya. Mtoto wa kwanza niliyepewa kumshika alinikojolea kabla sijajua jina lake, na viatu vile havikurudi kuwa vyeupe tena. Mama Kabwe, ambaye ndiye aliyekuwa anapima kabla yangu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Nunueni viatu vya kahawia.

Mizani ilining'inia kwenye boriti ya baraza la zahanati, palepale ilipo sasa. Chini yake kuna ndoana, na kwenye ndoana mfuko wa turubai wenye matundu mawili ya miguu. Kila asubuhi ning'inizeni mfuko mtupu kwanza, mrudishe mshale kwenye sifuri. Mfuko uliolowa ni mzito kuliko mkavu, na mfuko utalowa, hilo nimekwisha kulieleza. Mtoto akishika kamba mshale unadanganya, subirini aiachie. Shanga za kiunoni na hirizi ya shingoni msizitoe. Mkizitoa, mama atazifunga tena kwa hasira na wiki ijayo hamtamwona. Mpimeni nazo kila mara, uzito wake hautabadilika, na mama atabaki wenu.

Huyo Mama Kabwe alikuwa mjane, alikuwa anavuta ugoro, na baba za watoto hakuwa na subira nao hata kidogo. Kabla reli haijafika alikuwa anazalisha wanawake huko Kabongo. Daktari alimpenda kwa sababu hakuogopa damu, na akina mama walimpenda kwa sababu hakuwaogopa madaktari. Alinifundisha jambo moja ambalo nimelitumia kila siku ya kazi yangu. Nilikuwa nawauliza akina mama kama kuna dawa ya kienyeji wanampa mtoto, nao wote walikuwa wanakataa, na mimi naandika kwamba wamekataa, na kila mmoja anaenda zake ameridhika. Mama Kabwe akanivuta pembeni.

“Usimuulize juu ya dawa,” akasema. “Uliza leo mumekula nini kwa nyumba. Kiisha weye nyamaza.”

Niliuliza hivyo, nikanyamaza, na walianza kusema. Bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki mkavu, na kisha, taratibu, kijiko cha unga fulani juu ya uji. Kwao ule unga haukuwa dawa. Ulikuwa chakula cha kuongezea nguvu, na ndiyo maana kila mara walipoulizwa juu ya dawa walijibu hapana bila kusema uongo wowote.

Unga wa namna hiyo ulikuwa mwingi. Kulikuwa na unga wa majani kwa mtoto anayekataa chakula, unga wa mizizi kwa mtoto aliyechelewa kutembea, unga wa magome kwa mama aliyepungukiwa maziwa, na unga mwingine wa baba anayerudi kutoka kwenye mashine ya gari moshi amechoka, ambao akina mama walikuwa wanauzungumzia kwa sauti ya chini na kicheko cha juu. Mstari wa kupima ndio uliokuwa mahali pa kupata habari zake. Mama mmoja anamwona mtoto wa mwenzake amenenepa, anauliza anakula nini, na kabla sijafikia kadi ya tatu habari imefika mwisho wa mstari.

Msidhani walikuwa wanaamini kila kitu. Nimesikia watu wa ofisini wakisema hivyo na imeniudhi kila mara. Walikuwa wanauliza vizuri sana. Nani ameutengeneza? Anatoka wapi? Nani ameula, na yuko wapi tumwone? Aliyesifu unga bila kumwonyesha mtu mwenye mwili aliyeula alichekwa. Waliangalia hata mahali unapotoka. Unga wa Mulongo ulisifiwa kwa nguvu za mikono, kwa kuwa watu wa huko wanapiga kasia kutwa nzima. Unga wa Kabongo ulikuwa wa mambo ya uzazi. Ule uliochimbwa nyuma ya kampi yetu wenyewe haukuwa na mteja. Mizizi ni ileile, lakini ikipanda gari moshi inapata akili.

Na juu ya yote kulikuwa na desturi ya kuonja. Anayekupa kitu cha kula anakila kwanza mbele ya macho yako, kijiko kizima, anameza, anafungua mdomo uone. Muuzaji asiyeonja aliondoka na mzigo wake kama alivyokuja. Desturi hii ilimsumbua sana daktari bila yeye kujua. Alikuwa amepokea chupa za mafuta ya ini la samaki kwa ajili ya watoto wenye miguu dhaifu, na akina mama walikuwa wanazipokea kwa adabu na kuyamwaga nyuma ya bomba la maji. Mbwa wa kampi walikuwa na manyoya mazuri sana mwaka ule. Daktari alidhani tatizo ni harufu, akaleta limau. Mama Kabwe alimtazama, akachukua kijiko, akanywa mafuta yale mbele ya mstari mzima, akafungua mdomo. Kuanzia siku hiyo mafuta yalinywewa. Lakini ilimbidi ayanywe kila siku ya kupima, kwa sababu kila siku kulikuwa na mama mgeni, na alipofariki kijiko kile kilikuja kwangu pamoja na mizani. Nimeyanywa mafuta hayo miaka mingi. Ni mabaya. Msikwepe.

Daktari aliyemfuata yule wa mafuta alikuwa mtu wa amri. Aliona mtoto mmoja ametapika mizizi fulani, akatuma mpiga mbiu azunguke kampi nzima kutangaza kwamba mizizi ile ni marufuku. Wiki iliyofuata hakuna mama aliyekosa kuwa nayo, hata wale ambao hawakuwahi kuisikia. Niliuliza kulikoni, na mama mmoja akanieleza kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni wa mbali. “Munganga hawezi kuogopa kintu ya bure. Kama anaikataza, njo kusema iko na nguvu.” Nilimweleza daktari. Alikasirika, akatangaza mara ya pili, na bei ya mizizi ikapanda. Ndiyo sababu hamtaona tangazo lolote kwenye ukuta wa baraza letu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati Base, ile kambi ya jeshi ya Wazungu, ilikuwa imekwisha kujengwa na watu wanamiminika Kamina kutoka kila upande. Askari walikuja na wake zao, mafundi na wake zao, na kampi ya reli nayo ikapanuka. Kwenye mstari wangu nilisikia Kiluba, Kiswahili, lugha za Kasai, na zingine nilizozitambua kwa kelele zake tu. Base ilileta pia makopo. Jikoni za Wazungu zilikuwa zinatupa makopo ya maziwa ya unga, na wapishi waliyaokota, wakayaosha na kuyauza mjini, kwa kuwa kifuniko chake kinabana vizuri na unyevu hauingii. Kila nyumba ililitaka kopo lile kwa chumvi, kwa sukari, kwa sindano na uzi. Ubavuni lilikuwa na picha ya mtoto mnono anayecheka, mwenye mashavu mpaka macho hayaonekani.

Wakati huo unga uliosifiwa kuliko wote ulikuwa unga mwekundu wa Mama Ngoie. Mama Ngoie alikuwa mwanamke mtu mzima wa Kabongo, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, aliyekuwa anatwanga gome la mti fulani na kuuza unga wake kwa wanawake wanaonyonyesha. Alikuwa anakuja Kamina kwa lori mara moja moja. Alionja mbele ya kila mteja, na kumweleza kila mteja neno lilelile: mama aule ndani ya uji wa karanga, asubuhi na jioni, na mtoto ataupata kwa kunyonya. Je, ulikuwa na nguvu kweli? Nilimuuliza daktari wetu wa wakati huo, mtu mpole, akasema kwamba mwanamke anayekula uji wa karanga mara mbili kwa siku atapata maziwa, unga uwepo usiwepo. Mimi niliona wanawake wanakula vizuri na watoto wanaongezeka, nikaridhika.

Wanunuzi walipozidi, Mama Ngoie alianza kumpa Mama Eliza mzigo wa kuuza. Mama Eliza alikuwa mke wa shefu wa treni, yule msimamizi wa safari, Mkristo mzuri, mtu wa kusaidia kila mtu mpaka anachosha. Unga ulikuwa unakuja kutoka Kabongo umefungwa kwenye majani ya mgomba. Mama Eliza aliona majani yanapasuka na unga unaota ukungu wakati wa mvua. Akanunua makopo ya Base, akautia humo, akafunga kifuniko. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka unga usiharibike, na kweli haukuharibika. Wateja wake waliokuwa wanamjua Mama Ngoie waliendelea kuula wenyewe. Lakini kopo lina miguu. Liliuzwa, likaazimwa, likagawanywa, likafika kwenye nyumba ambazo Mama Ngoie hakuwahi kukanyaga.

Moja ya nyumba hizo ilikuwa ya Veronika. Alikuwa msichana wa Kasai, mumewe mtia makaa kwenye mashine, kwa hiyo siku nyingi hakuwepo nyumbani. Kiswahili alikuwa anajifunza. Ndugu kampini hakuwa naye hata mmoja. Alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili huko kwao, na huyu wa tatu, Kalonji, ndiye aliyekuja naye mgongoni. Alimleta mara ya kwanza akiwa mchanga, na mimi nilimpenda mtoto yule waziwazi, jambo ambalo si zuri kwenye kazi hii. Alikuwa na tabia ya kutazama mshale badala ya kulia. Mshale ulipanda wiki kwa wiki, taratibu. Veronika hakuridhika na taratibu. Alikuwa anawaangalia watoto wanono wa wenzake, kisha anamwangalia wake, na niliona hofu yake wazi kabisa. Nilimwambia mtoto huyu ni mzima. Aliitika kwa heshima. Wanawake waliozika hawaamini neno hilo upesi.

Kisha wiki moja mshale ulisimama palepale, na iliyofuata ukashuka. Niliuliza kama nilivyofundishwa, nyumbani mnakula nini, nikanyamaza. Akasema bukari na samaki, na mtoto ananyonya. Daktari alimtazama mtoto, akatoa dawa ya tumbo, akamwambia mama achemshe maji. Wiki iliyofuata mtoto alikuwa amelegea, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi haraka. Hakuutazama tena mshale. Nilipokuwa namwingiza kwenye mfuko kichwa chake kiliinama pembeni, na ndani ya mikunjo ya shingo nikaona mstari mwekundu, kama tope la njiani. Nikapitisha kidole. Ulikuwa unga.

Nikamuuliza kwa upole kama mtoto anakula uji wa Mama Ngoie. Hakumjua Mama Ngoie. Hakuwahi kusikia jina hilo. Akafungua kitambaa chake akatoa kopo, akanionyesha kwa kidole yule mtoto anayecheka. Alikuwa anakoroga unga kwenye maji na kumlisha kwa kijiko. Nilimwambia unga huu ni wa mama anayenyonyesha.

“Mutoto iko pale pa kopo, mama,” akaniambia. “Kama ilikuwa ya bamama, bangetia picha ya mama.”

Mpaka leo nikilifikiria neno lile naona lilikuwa na akili yake. Alikuwa amenunua kwa jirani aliyenunua kwa mwingine. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza maswali yale ya mstarini, na kama angekuwepo hakuwa na Kiswahili cha kutosha. Aliuliza kitu pekee kilichokuwa mbele yake, na picha ilimjibu. Tena, kila mtoto alipotapika alimwongezea, kwa sababu yule wa kwenye kopo hakufika alipofika kwa kijiko kimoja.

Tulimpeleka hospitali siku ileile, kwa baiskeli ya mganga msaidizi, Veronika amepanda nyuma na mtoto kifuani. Walimtundikia maji. Kalonji hakumaliza wiki.

Niliumia. Nilienda kwenye kilio, nikakaa na wanawake wachache wa kampi waliokuja, na Veronika hakulia kwa sauti. Mumewe alifika na treni ya mchana, na makaa bado kwenye nyusi zake, na aliponiona akanishika mikono yangu yote miwili akanishukuru, na hilo lilinivunja kuliko chochote.

Lakini makopo yalikuwa bado yapo kwenye nyumba za watu. Daktari, pamoja na upole wake, alisema itabidi kumwandikia mkuu wa teritwari, yaani wa wilaya, unga upigwe marufuku na mwanamke wa Kabongo akamatwe. Nilimweleza habari ya mizizi na mpiga mbiu. Nikamwomba anipe mpaka siku ya kupima, nimlete Mama Ngoie mwenyewe aseme mbele ya mstari. Alikubali, huku anatikisa kichwa. Nikatuma neno Kabongo kwa dereva wa lori, na Mama Ngoie akaja bila kuuliza nauli atalipa nani.

Kwanza nilimwonyesha kopo. Hakuwahi kuliona. Aliligeuza mikononi, akaitazama ile picha.

“Hii mutoto iko wa nani?” akauliza. Nikamwambia ni picha tu, hakuna anayemjua. “Minyi sijamupikia huyu mutoto kintu hata siku moya,” akasema, na nikaona ameelewa yote, maana aliliweka kopo chini kwa uangalifu kama kitu cha moto, na mikono yake ile mikubwa haikujua iende wapi.

Siku ya kupima mstari ulikuwa mrefu. Habari ya msiba ilikuwa imeenea, lakini iliyoenea si ile ya kweli. Walikuwa wanasema mtoto wa Mkasai amerogwa na wenye wivu wa huko kwao. Mama Ngoie akasimama karibu na mizani. Akawaambia kwamba ni yeye anayetwanga unga ule, kwamba ni wa mama, mtoto ananyonya tu, mtoto mwenyewe asipewe. Alisema vizuri na kwa kifupi. Kisha akafanya kosa ambalo mtu wa heshima wa huku kwetu hawezi kuacha kulifanya. Kwa kuwa alikuwa amesimama mbele ya watu na unga wake mkononi, alichota kijiko kizima, akala, akameza, akafungua mdomo.

Mstari mzima ukapumua. Niliona kwa macho yangu nyuso zinalegea. Ameula mwenyewe, basi hauna ubaya, basi mtoto wa Veronika alikufa kwa kitu kingine. Kuonja kunaonyesha kwamba kitu si sumu. Hakuonyeshi kitu ni cha nani, na jambo hilo sikuwahi kulifikiria miaka yote niliyokuwa nakunywa mafuta ya samaki. Mama mmoja aliyekuwa mbele, mke wa mtu wa kugeuza reli, mwenye binti mnono mgongoni, akacheka kwa sauti. “Banamutuma,” akawaambia wenzake. “Munganga njo alimutuma aseme vile.” Wengine wakaitikia. Mmoja akadai Mama Ngoie anataka kuwauzia unga wa watoto kwa bei nyingine. Mama Ngoie aliwatazama, kijiko bado mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee.

Daktari alikuwa mlangoni. Akaniangalia, na nilijua karatasi yake itaandikwa jioni ile.

Hapo ndipo Veronika alipokuja. Hakuna aliyemtazamia, kwa sababu mwanamke aliye kwenye msiba hatoki, na zaidi ya hayo alikuwa anakuja kwenye mstari wa watoto. Alivuka reli peke yake, kichwa kimefungwa kitambaa cha kilio. Akapita pembeni ya mstari mpaka mbele, akasimama kando ya Mama Ngoie. Kopo alikuwa nalo. Aliongea polepole, anatafuta maneno.

“Minyi njo nilimupatia,” akasema. “Hakuna muntu alinilazimisha. Nilimupatia asubui na mangaribi, na kijiko yangu. Alikuwa anatapika, nikamuongezea.” Akamwonyesha Mama Ngoie kwa mkono. “Huyu mama anaikula juu iko mukubwa. Kalonji wangu hakukuwa na meno.”

Akaliweka kopo kwenye sakafu ya baraza, picha imegeukia chini, akabaki amesimama.

Hakuna aliyecheka. Mama Ngoie alianza kulia, kimya, machozi tu. Mimi niligeukia mizani nikalia pia, na sioni aibu kuiandika. Kisha mama wa nyuma kabisa akatoka mstarini, akaja, akaweka kopo lake kando ya lile la Veronika. Akaja mwingine. Wengine walirudi nyumbani kwanza kwenda kuchukua. Mama Eliza alileta kapu zima, uso umemvimba kwa kulia, akasema unga uliobaki Mama Ngoie aufunge kwenye majani kama zamani, hata ukiota ukungu. Hivyo ndivyo ilivyofanywa, na karatasi ya daktari haikuandikwa.

Nilipima watoto waliobaki. Mke wa yule mtu wa kugeuza reli hakuja mbele mpaka wote walipokwisha. Alikuwa amemshusha binti yake mgongoni na anajaribu kumwingiza kwenye mfuko, mguu wa mtoto hauingii kwenye tundu. Kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto kulikuwa na mstari mwekundu. Nilitaka kumsaidia, lakini Veronika alikuwa karibu zaidi. Alimchukua mtoto kwa mama yake, akamwingiza mguu mmoja, kisha wa pili, akamshika mgongo asiogope, mpaka mshale ukatulia. Ulikuwa umeshuka kidogo tu.

“Huyu bado,” akamwambia. “Mupatie mabele ya kifua yako. Mabele tu.”

Yule mama akakaa palepale sakafuni, akanyonyesha. Jua lilikuwa limeingia barazani, na Veronika alisimama mbele yake kumkinga mpaka mtoto aliposhiba.

Wiki ijayo, mtakapoanza, mtamkuta mwanamke amesimama katikati ya mstari bila mtoto mgongoni wala mkononi. Hana kadi. Hakujaliwa mwingine baada ya Kalonji, na haji kupimiwa mtu. Akina mama wageni wanamwonyesha walichopewa na majirani, naye anakifungua, anawauliza ni cha kuliwa na nani, na kama hawajui anawaambia warudi wakaulize. Msimfukuze, wala msimpe kiti akae nanyi juu ya baraza. Nilijaribu, akakataa. Anataka kusimama pamoja na mama za watoto.